Kuingiza miti kwenye mpango wa mji: namba, vifungu na mahali pa kubanana

Miti mingi ya mjini hukatwa mezani kabla ya kukatwa kwa msumeno. Mchoraji wa jengo anaweka ukuta pale penye shina, mhandisi anapitisha mtaro katikati ya mizizi, afisa anagonga muhuri, na siku mafundi wanapofika mtaani kila karatasi imekamilika. Wakazi wanaojitokeza siku hiyo na mabango wamechelewa kwa miezi, pengine kwa miaka. Kwa hiyo hapa jembe na mche vitasubiri kidogo. Tutaanza na mpango wa matumizi ya ardhi, sheria ndogo na masharti ya kibali cha ujenzi.

Majina ya vyombo hutofautiana: kuna halmashauri, manispaa, kaunti, baraza la jiji. Kazi ni ile ile, na mkazi wa kawaida anaiweza akishajua pa kuanzia.

Hatua ya 1: Jua ni nyaraka zipi zenye meno

Kwa kawaida utakuta ngazi tatu. Juu kabisa kuna mpango kabambe wa mji, unaosema mji utakuaje kwa miaka 10, 15 au 20. Chini yake kuna sheria ndogo zinazopitishwa na madiwani, ambazo ndizo zenye faini. Chini zaidi kuna masharti yanayoambatanishwa na kibali cha ujenzi mmoja mmoja. Mpango kabambe usiotaja miti unamnyima afisa wa kibali msingi wa kudai chochote. Na mpango unaoitaja bila sheria ndogo nyuma yake utabaki kuwa maneno mazuri tu.

Kuna nyaraka za aina ya nne ambazo watu huzisahau: mikataba ya matengenezo ya barabara, umeme na maji. Mji wa Sheffield, Uingereza, ulijifunza hili kwa uchungu. Mwaka 2012 baraza la mji huo lilisaini mkataba wa miaka 25 wa kukarabati barabara, na ndani yake mlikuwa na hesabu ya kuondoa miti 17,500 kati ya takriban 36,000 ya mitaani. Maelfu ilikatwa, mingi ikiwa na afya njema, kabla ya upinzani wa wakazi kusimamisha kazi mwaka 2018. Uchunguzi huru uliotoa ripoti yake mwaka 2023 ulilikosoa vikali baraza hilo. Omba kuona mikataba ya aina hiyo mapema, na utafute humo idadi, adhabu na malipo yanayohusu miti. Mkandarasi anayelipwa kwa kukata atakata.

Hatua ya 2: Pata takwimu za miti iliyopo

Ukienda kwenye kikao bila namba, utajibiwa kwamba mji una miti ya kutosha. Kuna vipimo viwili vya kuanzia, na vyote viwili havihitaji fedha nyingi.

Cha kwanza ni kivuli cha miti, yaani asilimia ya ardhi inayofunikwa na matawi ukiitazama kutoka juu. Programu ya bure ya i-Tree Canopy, iliyotengenezwa kwa kushirikiana na idara ya misitu ya Marekani, hutupa nukta kiholela juu ya picha za angani za eneo ulilochora, nawe kwa kila nukta unajibu: hapa ni mti au si mti? Ukijibu nukta 500 na 90 zikaangukia kwenye miti, kivuli ni asilimia 18, na kosa la makadirio ni kama asilimia 1.7 juu au chini. Watu wawili wanaweza kuimaliza kazi hiyo jioni moja kwa kila kata. Fanya kata kwa kata, kwa sababu wastani wa mji mzima huficha mengi. Mara nyingi mitaa ya wenye nacho ndiyo yenye vivuli, na mitaa ya kipato cha chini ina mabati na lami.

Cha pili ni orodha ya miti mikubwa: aina yake, mahali ilipo, hali yake, na unene wa shina. Unene hupimwa kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini (Amerika Kaskazini hutumia mita 1.4, shika kimo kimoja na ukiandike). Futi ya kitambaa ya fundi cherehani inatosha, ukiunganisha mbili kwa mti mnene. Zungusha shina bila kuibana, soma mzingo, kisha gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Mzingo wa sentimita 188 ni kipenyo cha sentimita 60. Piga picha moja inayoonyesha mti mzima na nyingine inayoonyesha kitako cha shina, na ziwe na tarehe. Picha hizo zitakuwa ushahidi siku mtu atakapodai kwamba mti ulikuwa umeoza.

Hatua ya 3: Weka lengo linaloweza kukosolewa

"Kuendeleza mji wa kijani" hakumfungi mtu yeyote. Lengo la kweli lina asilimia, mwaka na eneo. Mwaka 2012 Melbourne, Australia, ilijiwekea lengo la kuongeza kivuli katika maeneo ya umma kutoka asilimia 22 hadi 40 ifikapo 2040, na tangu hapo yeyote anaweza kuuliza: mmefika wapi?

Kipimo kingine kinachotumika sana ni kanuni ya 3-30-300, iliyotolewa mwaka 2021 na mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk: kila nyumba ione angalau miti 3, kila mtaa uwe na kivuli cha asilimia 30, na kila mkazi awe ndani ya mita 300 kutoka bustani au eneo la kijani. Naipenda kwa sababu mtu yeyote anaweza kuanza kuipima akiwa dirishani kwake. Ila katika mji wa nyanda kame asilimia 30 inaweza kudai maji yasiyokuwepo, na hapo ni heri lengo dogo litakalofikiwa. Chagua namba yako kwa kuangalia mvua na udongo wako, kisha ianzie kwenye kata zenye kivuli kidogo kuliko zote.

Hatua ya 4: Andika kifungu cha ulinzi

Mapambano mengi hushindwa hapa, tena kwa neno moja: inapowezekana. Soma rasimu yoyote na utalikuta. "Mwendelezaji atahifadhi miti iliyopo inapowezekana." Nani anaamua kama inawezekana? Mwendelezaji mwenyewe, yaani mwenye mradi wa ujenzi. Kifungu chenye nguvu kinasomeka hivi: "Ni marufuku kukata, kung'oa, kufyeka matawi makuu au kujeruhi mizizi ya mti wowote wenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi, ulio kwenye ardhi ya umma au binafsi, bila kibali cha maandishi."

Ukubwa unaoanza kulindwa hutofautiana. Toronto, Kanada, hudai kibali kwa mti binafsi wenye kipenyo cha kuanzia sentimita 30. Singapore hulinda miti yenye mzingo unaozidi mita 1 katika maeneo yaliyotengwa kuhifadhi miti na kwenye ardhi isiyojengwa. Ukiweka kizingiti cha chini mno, ofisi itazama kwenye maombi madogo madogo na watu wataichukia sheria. Ukikiweka juu mno, miti inayokua leo haitafikia umri wa kulindwa. Kwa maoni yangu sentimita 30 ni pa kuanzia pazuri, pamoja na orodha fupi ya aina zinazokua polepole au za asili ya eneo ambazo zilindwe hata zikiwa nyembamba.

Kisha ziba mianya.

Mwanya mkubwa ni ukataji wa kutangulia: mwenye kiwanja anafyeka kila kitu, halafu mwezi unaofuata anapeleka maombi ya kujenga kwenye ardhi tupu. Sheria iseme kwamba hali ya kiwanja itahesabiwa kwa picha za angani za miaka michache kabla ya maombi, na miti iliyotoweka humo itadaiwa kama ingekuwepo. Ziada nzuri ni amri ya dharura. Nchini Uingereza amri ya kuhifadhi mti inaweza kuanza kufanya kazi papo hapo kwa muda wa hadi miezi 6, wakati baraza likisikiliza pingamizi na kuamua kama iwe ya kudumu. Msumeno unasimama kwanza, mjadala unafuata.

Mwanya wa pili ni neno "hatari". Mti wa hatari lazima uondolewe, hilo halina ubishi. Lakini hatari ithibitishwe kwa ripoti ya mtu mwenye ujuzi asiye na maslahi kwenye kazi ya kukata, na ripoti iseme ni sehemu gani ya mti ina hitilafu na kama kupogoa kungetosha. Pale ambapo mti unakaribia kuanguka kweli, mwenye mti aukate kwanza na aripoti ndani ya siku chache, akiwa na picha na kipande cha shina.

Mwanya wa tatu ni faini. Faini iliyo ndogo kuliko faida ya chumba kimoja cha ziada inageuka kuwa ada ya kukata. Ifungwe kwenye thamani ya mti, na wajibu wa kupanda upya ubaki na ardhi hata ikiuzwa.

Hatua ya 5: Linda mizizi, maana humo ndimo mti unamouawa

Miti mingi iliyohifadhiwa kwenye ramani hufa miaka mitatu, minne au zaidi baada ya jengo kukamilika, na watu hudhani ni ukame au uzee. Chanzo huwa ni ujenzi. Sehemu kubwa ya mizizi haiendi chini sana. Imo katika sentimita 60 za juu za udongo, nayo husambaa mbali kupita ncha za matawi. Lori likipita juu yake mara chache tu, hasa udongo ukiwa na unyevu, vitundu vya hewa hubanwa na mizizi hukosa oksijeni. Mrundo wa kokoto, mchanga au saruji huleta madhara ya aina hiyo, na maji ya kuoshea mashine ya zege huongeza sumu.

Kwa hiyo sheria iwe na eneo la kinga ya mizizi. Kiwango cha Uingereza kinachotumika sana, BS 5837, hukokotoa nusu kipenyo cha eneo hilo kwa kuzidisha kipenyo cha shina mara 12. Turudi kwenye mti wetu wa sentimita 60: 60 mara 12 ni sentimita 720, yaani mita 7.2 kutoka kwenye shina kila upande. Eneo lake ni kama mita za mraba 163. Watu wengi hushtuka wakisikia ukubwa huo, na ndiyo sababu ya kuuchora kwenye ramani ya kiwanja kabla mchoraji hajaweka jengo. Akiuona mapema atausogeza ukuta. Akiuona mwisho ataomba msamaha wa kisheria.

Masharti ya kibali yataje mambo haya: uzio imara usiosogezeka uwekwe kuzunguka eneo la kinga kabla ya lori la kwanza kuingia, afisa aukague na kusaini, ndani ya uzio pasiwekwe vifaa, pasiegeshwe magari, pasichimbwe na pasijazwe udongo. Bomba likilazimika kupita, lichimbwe kwa mkono au lipitishwe kwa kutoboa chini ya mizizi. Na mwendelezaji aweke dhamana ya fedha, irudishwe miaka kadhaa baada ya ujenzi mti ukiwa hai. Ukipata nguvu ya kupigania sharti moja tu katika orodha yote hii, pigania dhamana. Itamfanya msimamizi wa kiwanja awe mlinzi wa mti.

Hatua ya 6: Fidia ihesabiwe kwa ukweli

"Tutakata mmoja, tutapanda kumi." Ahadi hii huwaridhisha wengi, basi ipigie hesabu. Shina la sentimita 60 lina eneo la mkato mara 400 ya mche wenye shina la sentimita 3. Miche kumi haijakaribia hata kidogo, na hapo bado hatujatoa ile itakayokufa. Kwa hiyo sheria ifuate mpangilio: kwanza kuepuka kukata, pili kupunguza madhara, na fidia iwe ya mwisho kabisa.

Inapofika kwenye fidia, idadi ipande kulingana na unene. Bristol, Uingereza, ina jedwali la namna hiyo, ambalo hufikia miti 8 kwa kila mti wenye kipenyo cha sentimita 80 au zaidi. Hata hiyo kwangu ni ndogo, lakini ina sifa kubwa ya kutojadiliwa upya kwa kila kiwanja. Pasipo nafasi ya kupanda kiwanjani, fedha ziingie kwenye akaunti ya miti pekee, zitumike kwanza katika kata ile ile iliyopoteza kivuli, na matumizi yatangazwe kila mwaka.

Hatua ya 7: Tenga nafasi ya kupanda, kisha ndipo upande

Mti mkubwa wa mtaani huhitaji takriban mita za ujazo 20 hadi 30 za udongo ambao haujashindiliwa. Shimo la mita moja kila upande, lililozungukwa na zege, ni mita moja tu ya ujazo. Mti utakaa humo kwa miaka michache ukiwa kibeti, au utaiinua njia ya miguu ukitafuta pa kupumua, kisha utalaumiwa. Sera idai ujazo wa udongo kwa kila mti unaopandwa, na ichore njia za mabomba na nyaya ili visigombanie ukanda mmoja. Katika mitaa mipya ni rahisi: tangu 2021 sera ya kitaifa ya mipango ya Uingereza inataka mitaa mipya iwe na miti kando yake, isipokuwa kwa sababu za wazi na za msingi. Kifungu cha namna hiyo kinaweza kuandikwa popote.

Kuhusu aina, usipande mtaa mzima wa mji kwa mti mmoja uliopendwa na ofisi ya bustani. Kanuni ya 10-20-30, iliyopendekezwa na Frank Santamour mwaka 1990, inasema spishi moja isizidi asilimia 10 ya miti yote ya mji, jenasi moja (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) asilimia 20, na familia moja (kundi la jenasi) asilimia 30. Sababu ni magonjwa: miji ya Ulaya na Amerika Kaskazini iliyokuwa na barabara nzima za mielmu ilibaki uchi ugonjwa wa kuvu ulipoingia karne ya 20. Chini ya nyaya za umeme panda miti mifupi, la sivyo kampuni ya umeme itaikata vichwa kila mwaka.

Upandaji wenyewe ni mfupi kueleza. Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya donge la mizizi, lakini lisiwe na kina zaidi ya donge lenyewe. Pale shina linapotanukia kuwa mizizi paonekane juu ya udongo; kuzika shina ni kosa la kawaida na huua taratibu. Tandaza matandazo ya sentimita 5 hadi 10, yasiguse shina. Mwagilia kwa wingi na kwa nafasi, miaka miwili au mitatu ya mwanzo.

Maji hayo ya miaka mitatu yawe kwenye bajeti siku ile ile fedha za miche zinapopitishwa. Freetown, Sierra Leone, ilipoanza kampeni yake mwaka 2020 chini ya Meya Yvonne Aki-Sawyerr, ikilenga miti milioni moja, kila mti uliandikishwa mahali ulipo kwa programu ya simu, na wakazi walilipwa kwa kuutunza na kuurudia kuukagua. Fedha zilifuata mti ulio hai, na huo ndio mpangilio ninaoushauri.

Hatua ya 8: Pitisha kifungu barazani

Kila mpango una kipindi cha maoni ya umma. Ulizia tarehe zake ofisini kwa maandishi, kwa sababu matangazo mara nyingi hubandikwa pasipoonekana. Usipeleke malalamiko. Peleka maneno kamili unayotaka yaingizwe, ukitaja ukurasa na kifungu: "Katika kifungu hiki, ondoa 'inapowezekana', weka hivi." Afisa mwenye kazi nyingi atanakili rasimu iliyo tayari, lakini hisia zako hana pa kuziweka.

Tafuta washirika nje ya ofisi ya mazingira. Idara ya afya inajali joto, na kivuli pamoja na unyevu unaotoka kwenye majani hupunguza joto; mji wa Medellín, Kolombia, ulipanda njia za kijani 30 kuanzia 2016 na ukaripoti joto kushuka kwa nyuzi 2 katika maeneo hayo. Idara ya maji inajali mafuriko, na matawi na udongo wazi hupunguza kasi ya maji. Diwani wa fedha atataka gharama, basi mwonyeshe ya kumwagilia kando ya ile ya kukarabati mitaro.

Na usitegemee huruma ya mkubwa. Novemba 2020 jijini Nairobi mti wa mgumo wa miaka mingi, uliokuwa njiani mwa barabara mpya ya Nairobi Expressway huko Waiyaki Way, uliokolewa kwa amri ya rais baada ya wananchi kupaza sauti. Ulistahili kabisa kuokolewa. Ila amri ile ilikuwa ya mti mmoja. Miti mingine mingi ya barabara ile haikupata rais wa kuisemea, na ndiyo sheria ndogo inayoweza kuisemea bila mtu kuipigia simu.

Hatua ya 9: Fuatilia

Dai ripoti ya kila mwaka yenye namba nne tu: miti iliyokatwa kwa kibali, iliyokatwa bila kibali na hatua zilizochukuliwa, iliyopandwa, na iliyo hai mwaka wa tatu tangu kupandwa. Hiyo ya mwisho ndiyo maofisi hupenda kuiacha. Ikikosekana, chukua orodha ya waliyotangaza kupanda, chagua mitaa michache kwa kura, nenda na daftari uhesabu mwenyewe: hai, dhaifu, mfu, haupo. Peleka matokeo kwa karani wa baraza kabla ya kikao cha bajeti, na uombe yaandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Pale miche ilipokufa, chimba kidogo uone kama shina lilizikwa au udongo ni zege tupu, na uyaandike hayo kando ya kila namba, ili fedha za mwaka unaofuata zisirudi kwenye mashimo yale yale.